Mstari wa Lumbesa

Wivu ni ugonjwa, nakubali, lakini mimi nilikuwa na haki ya kuugua. Miaka miwili nilikaa kwenye kiofisi chetu cha Mkonze nikiunda programu ya kuhesabu mahindi ya maghala ya vikundi vya wakulima, kazi ya kujitolea ambayo yeyote anaruhusiwa kuchangia. Hakuna aliyeniambia ahsante. Akaja Ursula, akakaa miezi mitatu, akaandika ukurasa mmoja tu, ule wa kumwonyesha mgeni pa kuanzia, na watu wakamshangilia kama bi harusi.

"Nathanaeli, umeusoma?" aliniuliza Dada Evarista, kiongozi wetu. "Hata mama yangu angeuelewa!"

Nikatoa meno tu. Moyoni nilikuwa naungua. Mwisho wa mwezi Dada Evarista alikuwa anakwenda masomoni, na mmoja wetu angeachiwa mradi. Kabla ya ukurasa ule nilijua ni mimi.

Niliusoma ukurasa ule mara nne nikitafuta kosa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sikulipata. Kilichoniuma zaidi ni mstari ambao kila mtu aliurudiarudia: "Programu hii inajua gunia la kilo mia tu. Ukiona gunia lina kichuguu kichwani, hiyo ni lumbesa, ipime kwanza." Ursula ni mtoto wa Kibaigwa, baba yake dalali wa mahindi. Maneno ya sokoni amezaliwa nayo. Mimi nimekulia mjini, lumbesa naisikia redioni.

Nikaufuta mstari ule. Kila mmoja wetu alikuwa na ruhusa ya kurekebisha ukurasa, ilimradi aandike sababu. Nikaandika: "Maneno mengi." Nani husoma sababu?

Wiki mbili baadaye Tumsifu, karani mpya wa ghala la Kibaigwa, akapiga simu. Dada Evarista akaweka sauti ya juu.

"Programu yenu inasema nimebakiwa na nafasi ya magunia themanini. Njooni mnionyeshe ilipo! Ghala limejaa mpaka mlangoni, akina mama wako nje na mahindi yao, na mvua imeanza."

Alikuwa amehesabu kila lumbesa, yenye mahindi ya gunia moja na nusu, kuwa gunia moja.

"Ursula, mgeni ulimwelekezaje?" Dada Evarista aliuliza.

"Niliandika, dada. Lumbesa ipimwe kwanza."

Ursula akafungua ukurasa. Mstari haupo. Akausoma tena kwa kidole, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliuona mradi unarudi mikononi mwangu.

"Basi tuangalie historia ya ukurasa," Ursula alisema taratibu.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Ama nililifikiria, wivu ukanifumba macho. Dada Evarista akasoma kwa sauti: "Nathanaeli. Amefuta mstari mmoja. Sababu: maneno mengi."

Miaka miwili nililitamani jina langu lisomwe mbele ya watu. Likasomwa.

Ursula hakunitukana. Alianza kuurudisha mstari wake, neno kwa neno. Dada Evarista akanisogezea simu.

"Mweleze wewe."

"Haloo?" Tumsifu aliita. "Haloo? Hawa akina mama niwaambie nini?"

Nikaishika simu. Mimi niliyeona maneno ni mengi, sikuwa na hata moja.