Ubeti wa Pili wa Kwaya ya Bukene

Wanaume wawili waliingia dukani kwangu saa mbili asubuhi. Walikuwa hawasemezani, na kila mmoja ameshika upande wake wa bahasha moja. Nikajua siku imeshaharibika. Mimi ni Najiat, nina duka la kuchapa na kudurufu jirani na mahakama hapa Tabora, na watu wanaoshikilia bahasha wawili wawili hawaji kudurufu cheti cha kuzaliwa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia yule mkubwa.

"Marahaba. Naitwa Mwalimu Octavian. Kwaya ya Bukene nimeianzisha mimi."

"Mimi Dionis, katibu wa hiyo kwaya," mwenzake akadakia. "Tunataka nakala halisi ya CD, dada. Isipungue kitu, isiongezeke kitu."

Nikaitoa CD kwenye bahasha. Ilikuwa na mikwaruzo kila upande, na kipande cha kamba ya katani bado kimefungwa kwenye tundu la katikati.

"Hii ilikuwa wapi?"

Dionis akaangalia chini. "Shambani kwa mama. Ilikuwa inafukuza ndege kwenye mpunga."

Nikawauliza taratibu, maana nilianza kupandwa na hasira. CD ilirekodiwa hapa mjini mwaka 2009. Ilipofika Bukene ilipokelewa na mama yake Dionis, naye alipoona kitu kinang'aa akakitundika shambani kama wanavyofanya wenzake. Ikakaa msimu mzima kabla ya kupigwa hata mara moja. Walipoitungua ikaimba vizuri tu, isipokuwa wimbo wa nne. Ukimaliza ubeti wa kwanza inakwaruza, kisha inarukia wa tatu.

Mwalimu Octavian ndiye aliyeutunga wimbo huo, na anaapa una beti tatu. Lakini daftari lake liliwahi kuliwa na mchwa, maneno ya ubeti wa pili yamemtoka, na walioimba siku ile wengine wamefariki, wengine wameolewa mbali. Vijana wa sasa wamejifunza kwenye CD, na kwao beti ni mbili. Kwa hiyo kila mazoezi na kila ibada, wakifika pale, mwalimu huwasimamisha kimya nusu dakika nzima, mikono yake ikiwa juu, ili kuuheshimu ubeti ambao hakuna anayeujua.

"Nusu dakika, dada," Dionis alisema. "Mwaka wa kumi na tano huu. Waumini wanadhani umeme umekatika."

Kamati ya kwaya ikachoka, ikaamua. Itengenezwe nakala halisi, ithibitishwe kwa mhuri wa wakili. Ubeti ukiwemo, kwaya itauimba neno kwa neno Jumapili mbele ya askofu. Usipokuwemo, Mwalimu Octavian aikabidhi kwaya kwa mwingine. Na mtu yeyote asisikilize kabla ya mhuri, kwa sababu kamati inaamini kwamba kompyuta ikishajua unachotaka kusikia, inakusikilizisha hichohicho.

Nilitaka kuwafukuza. Kisha nikamwona mzee anavyoitazama ile CD, nikawaambia wakae.

Watu wengi hudhani kunakili CD ni kuburuta nyimbo tu zikaingia kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo, pale mashine iliposhindwa kusoma inabuni yenyewe, na wewe hujui. Mimi nina programu ya zamani, kwenye kompyuta ya zamani, inayosoma kila kipande mara mbili. Majibu yasipolingana inarudia, na itarudia mpaka yalingane au mpaka umeme uishe. Niliipaka CD dawa ya meno ili kulainisha mikwaruzo, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikaitumbukiza. Dionis akachomoa spika zangu na kuzipakata, asije mtu akasikia.

Nyimbo tatu zilipita haraka. Wa nne ukakwama.

Programu iliusoma mara ishirini. Ikasoma mara sitini. Wateja waliingia na kutoka, wakimwangalia mtu mzima aliyepakata spika. Nilikwenda kuswali adhuhuri, nikarudi, bado.

"Imefika wapi?" mwalimu aliuliza.

"Palepale, mwalimu."

"Iache ijaribu."

Akawa anauliza kila baada ya dakika kumi, kwa sauti inayozidi kushuka. Roho iliniuma. Nilimwona mzee anayekwenda kupoteza kitu pekee alichonacho kwa sababu ya ndege kwelea wa shamba la mtu mwingine. Saa tisa alasiri, kwenye usomaji wa mia moja na sita, majibu yakalingana, nikachoma nakala kwenye CD mpya, tukaenda kwa wakili.

Wakili Sabiri ana ofisi ng'ambo ya barabara. Kazi yake kubwa ni kugonga mhuri kwenye nakala za vyeti, na ana desturi yake: huinua cheti halisi na nakala dirishani, akavilinganisha kwenye mwanga. Akaziinua CD mbili.

"Zote zinang'aa," alisema. "Hilo halitoshi."

Nikamwonyesha karatasi. Programu yangu hutoa namba ndefu ya CD ya asili na namba ndefu ya nakala, na hata pumzi moja ikitofautiana, namba nazo zinatofautiana. Uso wa wakili ukachangamka. Alitwaa kalamu nyekundu, akaanza kusoma tarakimu mojamoja, na Dionis akiitikia "ipo" kama darasani. Zikalingana zote. Mhuri uligoma kukaa kwenye CD, wino ukafutika, ikabidi agonge bahasha mara tatu. Dionis akasaini, mwalimu akasaini.

Tukarudi dukani, na wakili naye akatufuata, ameacha foleni ya watu mlangoni kwake. Nikachomeka spika.

Ubeti wa kwanza ukapita, na kiitikio kikapita. Kinanda kikaendelea, lakini kwaya ilikuwa kimya. Ilikuwa wazi kwamba wameyasahau maneno. Ndipo sauti moja ya mwanamke ikaingia, imetulia, haina wasiwasi wowote:

*Bwana, mwalimu wetu hajala tangu jana,*
*Asema ameshiba, tumbo linamkana.*
*Utujalie, Bwana, tumalize mapema,*
*Kwani miguu yake naona yatetema.*

Na kwaya, kwa furaha ya kuokolewa, ikayadaka maneno kwa sauti nne. Besi wakashika "hajala, hajala," na soprano wakapanda nayo "yatetema" mpaka juu kabisa.

Wimbo ulipokwisha Dionis alikuwa ameshika kichwa. "Hii ndiyo tuimbe mbele ya askofu?"

"Neno kwa neno," wakili alisema. "Umesaini."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilipomtazama mwalimu nikaacha.

"Si ubeti wangu," alisema. "Wangu ulikuwa na malaika. Huyu ni Getruda, mke wangu, marehemu. Mimi nilikuwa chumba cha pili na kinanda, nawaona kupitia kioo cha dirisha midomo inacheza, sauti siisikii. Nilijua wanaimba malaika. Miaka yote nilikuwa namwambia kwamba vijana wananikatalia ubeti wangu. Anacheka, anaingia jikoni."

Dionis aliyekuja kumnyang'anya kwaya akasogeza kiti karibu naye. "Mwalimu, ubeti upo. Kwaya ni yako." Kisha, kwa sauti ndogo ya kujaribu, akaanza kuimba ile besi, "hajala, hajala," na mwalimu akamrekebisha noti ya pili bila kumtazama.

Aliniomba nirudie. Nilirudia mara nne.

"Kweli ulikuwa hujala?" nilimwuliza.

"Tulikuwa watu kumi na tisa. Maandazi niliyopata stesheni yalikuwa kumi na nane. Nikamwambia Getruda mimi nimeshakula langu njiani." Akaikunja ile bahasha yenye mihuri mitatu, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Akaniambia, 'Haya, baba.' Nami nikajua ameamini."