Takataka Zilizooshwa kwa Sabuni

Ijumaa asubuhi Gaël alishuka kwenye gari la ofisi, akautazama ufuo kushoto, akautazama kulia, kisha akashika kiuno. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Mtu anayekuja ziwani na viatu vyeupe, jueni kabisa hakuja kufanya kazi.

"Mama Jovithe," akasema, "uchafu iko wapi?"

Jovithe alikuwa ameinama, anatandaza ndagala, wale samaki wadogo wa Tanganyika, juu ya wavu wake. Hakujisumbua kuinuka.

"Uchafu gani? Nimetoa."

"Umetoa yote?"

"Yote. Kama kila siku. We unataka nianike samaki juu ya nepi za watu?"

Huyo Gaël alikuwa msemaji wa shirika moja lenye ofisi Rohero, katikati ya Bujumbura, ghorofa ya tatu, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya kiyoyozi. Shirika liliitwa Marafiki wa Ufuo. Kwa miaka miwili marafiki hao walikuwa wameupenda ufuo kutoka mbali, kwenye kumbi za hoteli, kwa semina na chai na sambusa. Sasa walitaka kuja kuuona kwa macho. Kesho yake, Jumamosi, shefu wa mtaa, mzee Révérien, alipaswa kusaini karatasi ya kukabidhi kipande hicho cha mchanga kwa yule anayekisafisha. Na katika mchoro wa shirika, pale penye wavu wa Jovithe palikuwa pamechorwa maua na benchi la kukalia.

Jovithe aliuona mchoro ule kwa macho yake, na tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Mchanga ule ndio uliomlisha tangu mumewe afariki. Ndio uliomsomesha bintiye Orlane. Wateja wake wa Ngagara walikuwa wakisema ndagala wa Mama Jovithe unawatia mdomoni bila kuogopa kutafuna kokoto wala kipande cha sashe ya plastiki. Akifukuzwa hapo aanike wapi? Juu ya bati la nyumba ya kupanga kule Cibitoke, awagawie paka wa mtaa?

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya wavu, aliokota. Aliokota yaliyotapikwa na ziwa na yaliyoletwa na mfereji unaoshuka kutoka mjini. Nepi, sashe na kandambili za mguu mmoja alizitia kwenye mifuko, zingoje lori, na lori lilikuja siku lilipojisikia. Chupa aliziweka peke yake. Maana Bujumbura chupa si takataka, jamani, chupa ni chombo. Mathilde, Mkongomani wa Uvira aliyeuza mawese sokoni, alizichukua zote, ila alikuwa na masharti yake: zioshwe kwa sabuni, zibanduliwe karatasi, zifungwe kwa vifuniko. Nyuma ya kibanda cha Jovithe palikuwa na mifuko tisa imejaa, inamngoja Mathilde.

Gaël akaiona.

"Na hizi?"

"Za Mathilde hizo."

"Mama, minakuomba. Uzimwage hapa kwa muchanga. Kesho Madamu Huguette, mwenyekiti wetu, analeta wageni wenye watatoa musaada. Wakikuta hakuna kitu, wataokota nini? Upepo?"

"Waende pale kwa mufereji. Pale uchafu iko, utawatosha mupaka Yesu arudi."

Gaël aligeuka akautazama mfereji. Matope meusi, sashe zimeshonana, nzi, na harufu ya kumtoa nyoka pangoni.

"Apana," akasema. "Pale haipendezi kwa picha."

Jovithe alicheka kwa uchungu. Lakini Gaël akamsogelea, akashusha sauti, akaapa kwa jina la mama yake mzazi kwamba akizimwaga chupa zile, yeye mwenyewe ataongea na Madamu, na wavu utabaki pale pale, benchi litasogezwa. Jovithe akafikiri. Akamfikiria Orlane. Akafikiri juu ya lile bati la Cibitoke. Akaufungua mfuko wa kwanza akaumwaga, kwa hasira ya kujiona mwenyewe anachafua. Mpaka mfuko wa tisa alikuwa anamtukana Gaël kimoyomoyo, na ukoo wake wote.

Jumamosi ikafika. Mnajua Jumamosi ya Burundi ilivyo. Asubuhi kila mtu anashika jembe au fagio kwa kazi za pamoja, mkubwa na mdogo, maduka yamefungwa, barabara zimefungwa, gari halipiti mpaka shefu atangaze kazi imekwisha, saa nne na nusu. Kila mtu anajua hilo, isipokuwa watu wa aina ya Gaël, ambao Jumamosi huwakuta bado wamelala nyuma ya mageti. Yeye alipanga sherehe ianze saa moja asubuhi, na saa tatu wageni wawe hotelini wanakunywa chai. Walifika mapema, kabla barabara haijafungwa. Habari ya kutoka hakuna aliyeifikiria.

Watu wa mtaa walikuwa wamejipanga na makoleo yao. Bango likatundikwa: TUPENDE ZIWA LETU. Madamu Huguette akasimama chini yake, fulana mpya juu ya gauni, glavu nyeupe mikononi.

"Adui wa ziwa letu ni ujinga," akasema kwenye kipaza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma robo saa nzima. "Tazameni chupa hizi! Hawa wamama wanaanika samaki hapa na wanatupa ovyo. Hatuwalaumu. Hawajui. Tumekuja kuwaelimisha, na mahali hapa patakuwa bustani."

Akanyoosha kidole. Kidole kikamwelekea Jovithe, na macho yote ya mtaa yakafuata kidole.

Jovithe akamtafuta Gaël. Gaël alikuwa anasoma simu yake kwa bidii ya mtu anayesoma Biblia. Damu ikampanda Jovithe mpaka masikioni. Kumbe ahadi ya jana ilikuwa mate tu! Kudanganywa kungemuuma tu, angevumilia. Lakini kuitwa mchafu, yeye, juu ya mchanga aliousafisha kwa mikono yake, mbele ya majirani? Loo!

Uokotaji ukaanza. Kila mgeni aliinua chupa moja, akaitazama kwa huzuni mpaka picha ikapatikana, akaitia mfukoni, akapumzika. Kati yao alikuwemo mzee mmoja, Maxime, aliyetumwa na wale watoa msaada. Huyo hakujali kamera. Aliokota chupa, akaigeuza, akaifungua kifuniko, akaipeleka puani.

"Hii inanukia sabuni," akasema.

Akaokota nyingine. Akaokota ya tatu. Zote zimebanduliwa karatasi, zote zimefungwa, zote safi kuliko glasi za hotelini.

"Kumbe hapa Bujumbura takataka zinaoga kwanza kabla ya kutupwa?"

Watu wa mtaa wakaanza kucheka chini chini.

"Ni mvua, mzee," Gaël akadakia. "Mvua ya juzi."

"Mvua yenu inakuja na sabuni yake?"

Sasa kicheko kikapasuka. Njia ya mwongo fupi, na ya Gaël ilikuwa imeishia hapo mchangani.

Jovithe alijua akinyamaza bado kulikuwa na nafasi ndogo, pengine Gaël angemkumbuka. Akisema, benchi litakaa juu ya wavu wake. Alilijua hilo vizuri, na kinywa chake kikafunguka hata hivyo.

"Nimeziosha mimi," akasema kwa sauti. "Ni chupa za mawese. Jana hapa ilikuwa safi, wote munajua, munapita hapa kila siku. Huyu kijana aliniambia nizimwage, ndiyo wataniachia pahali yangu. Na mi nikazimwaga. Aibu hiyo ni yangu, nimeikubali. Lakini ujinga, Madamu, mi sina."

Madamu Huguette akavua glavu. "Haya tutayaongea ofisini," akasema, akaelekea kwenye gari. Gari likaenda mita hamsini. Polisi akanyoosha mkono.

"Saa nne na nusu, Madamu. Kazi za pamoja."

Gari likarudi kinyumenyume mpaka kwenye bango, mtaa mzima unatazama. Mzee Révérien hakuwa shujaa. Alikuwa mtu wa kupenda amani na soda. Lakini watu wake walikuwa wamemzunguka, na karatasi ilikuwa mkononi mwake.

"Kwa kuwa muda upo, Madamu," akasema taratibu, "na uchafu wenyewe uko pale kwenye mfereji, karibuni tufanye kazi."

Mzee Maxime alikuwa ameshakunja suruali, ameshaazima koleo. Madamu Huguette akautazama mfereji, akayatazama mavazi yake, akasema maneno ambayo mtaa ule unayarudia mpaka leo:

"Sisi ni shirika la kuhamasisha. Kuokota hakumo kwenye mradi."

Akaingia garini, akapandisha vioo. Wenzake wakafuata, na Gaël wa mwisho. Huko ndani wakakaa, injini inanguruma kwa ajili ya ubaridi, wakinywa maji ya chupa, huku nje mtaa unachota matope. Kila chupa ikiisha, kioo kilishuka kidogo, chupa ikatoka, kioo kikapanda. Nyani haoni kundule, lakini hawa hawakujaribu hata kugeuza shingo!

Révérien aliziona chupa zile zikidondoka moja moja. Akaifungua karatasi, akaisoma tena kwa sauti: "Anakabidhiwa yule anayesafisha." Akaiweka juu ya mgongo wa jirani, akaandika jina la Jovithe, akasaini, akagonga muhuri. Jovithe alilia pale pale, koleo mkononi, wala hakujifuta.

Saa nne na nusu gari liliondoka kwa kasi hata bango likasahauliwa.

Jumatatu Gaël akarudi. Viatu vile vile. Akalikuta bango limetandikwa juu ya ndagala kuwakinga na umande, maandishi yametazama chini.

"Mama Jovithe, shikamoo. Nimekuja kuchukua bango. Jumamosi tuko na sherehe kwa ufuo mwingine."

"Marahaba. Hapa ni kwa nani?"

"Ni..." Gaël akalitazama bango. "Ni kwako, Mama."

"Ahaa." Jovithe akamrushia mfuko mtupu. "Chupa zenu zile, zote mulizotupa kwa dirisha. Sikuzigusa, nilikuwa ninakungoja. Jaza, ndiyo utachukua bango."

Gaël akatazama huku na huku. Hakukuwa na kamera. Palikuwa na Mathilde tu, ameketi juu ya dumu lake la mawese, amekunja mikono anasubiri chupa zake. Gaël akavua viatu vyeupe, akaviweka mahali pakavu, akainama. Mgongo ulionekana haujazoea.

Alipojaza akauburuta mfuko mpaka kwenye wavu, akanyoosha mkono alivute bango. Jovithe akaweka mguu kwenye pindo lake.

"Bado kuoshwa," akasema. "Sabuni iko pale."