Pampu Mbili na Dekio

Mke wangu alikuwa amefeli mtihani wa mwili wa binadamu mara mbili. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Akifeli tena, nafasi yake ya uuguzi msaidizi anapewa mwingine, naye anarudi kudeki wodi alizozideki miaka kumi na tisa.

Kudeki si aibu. Dekio lake lilitusaidia kusomesha watoto wawili. Ila ukipita chini ya vitanda vya wagonjwa miaka yote hiyo, unaona mengi. Alikuwa akimtazama mgonjwa kucha na midomo, anamwambia muuguzi, "Dada, huyu wa kitanda cha saba hapumui vizuri," na kweli anakutwa hapumui vizuri. Wakubwa wa hospitali wakaona, wakampeleka kwenye chuo chao kidogo nyuma ya maabara. Ana miaka arobaini na minne. Wenzake darasani ni rika la kitinda mimba wetu. Wanamwita Mama Mkubwa.

Mtihani wenyewe ni wa mdomo. Mkufunzi anakuuliza kiungo fulani kimeumbwaje, halafu anakuuliza kwa nini kimeumbwa hivyo. Kwenye "kimeumbwaje" mke wangu alikuwa anatiririka. Kwenye "kwa nini" alikuwa anakauka kama bomba siku ya mgao.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliiachia darasa la sita, na mtaani wananiita Koki. Mwili wa binadamu nilikuwa najua sehemu tatu tu: tumbo, mgongo, na kidole gumba nilichokigonga na nyundo. Lakini Jumapili moja asubuhi nilimkuta mezani, kitabu kimefunguliwa, macho yamejaa maji, nikavuta kiti.

"Nisomee," nikamwambia.

"Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto cha moyo ni mnene kuliko wa kulia," akasoma.

"Kwa nini?"

"Fundi, ningejua kwa nini ningefeli?"

Nikakivuta kitabu. Mchoro wa moyo ulikuwa na mabomba, vali na njia za kwenda na kurudi. Nikaufuata kwa kidole kama ninavyofuata ramani ya nyumba ya ghorofa. Damu inatoka moyoni, inakwenda mapafuni kuchukua hewa, inarudi tena moyoni, halafu ndiyo inapelekwa mwilini.

"Hapa kuna mtu amekula njama," nikasema. "Ikishatoka mapafuni inarudi kwenye pampu kufanya nini? Ipitilize moja kwa moja. Pampu moja inatosha. Aliyechora hii ameongeza mabomba apate kuongeza kazi. Nawajua hawa."

"Aliyechora ni Mungu."

"Basi aliyenakili amekosea."

Mama mkwe wangu, anayekaa nasi, alikuwa mlangoni na gauni lake jeupe la Jumapili, anasubiri viatu vikauke. Akasema, "Mkwe wangu, hata Mungu unamkagua kazi?"

"Hapana, mama. Nakagua karatasi tu."

Sikuweza kuliacha hivyo. Fundi akiona kazi iliyozidishwa, usingizi haumjii. Nikabeba kitabu hadi uani, nikatoa stoo pampu ndogo niliyoichomoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Mapafu niliyatengeneza kwa mirija ya kunywea soda, mia moja na ishirini. Niliifunga pamoja, ncha za huku kwenye chupa moja ya plastiki, ncha za kule kwenye nyingine, nikaziba kwa gundi. Kitabu kilisema vimishipa vya mapafuni ni vyembamba mno, kuta zake nyepesi ili hewa ipenye. Mirija ilikuwa nyepesi vya kutosha. Kutoka mapafuni nikavuta mpira, tawi moja likashuka hadi kwenye beseni, hiyo miguu, na jingine likapanda ngazi hadi kwenye ndoo iliyokaa juu ya ukuta, hicho kichwa. Maji nikayatia rangi nyekundu, maana mke wangu alisema kama ni damu basi iwe damu.

Nikawasha. Maji yakapita mapafuni kwa adabu, yakafika kwenye beseni yanachechemea, na kichwani hayakufika kabisa. Yalipanda nusu ya ngazi yakasimama.

"Mtu wako amezimia," mke wangu akasema.

"Pampu haina nguvu, basi. Ngoja."

Nikaleta ile kubwa, ninayoitumia kupandisha maji kwenye matangi ya ghorofa ya nne. Mke wangu akaitazama, akaitazama mirija ya soda. "Fundi," akasema polepole, "hiyo mirija itastahimili?"

"Kazi yangu hii naijua."

Nikawasha. Mapafu yalipasuka yote kwa mpigo mmoja. Maji mekundu yakaruka kama yamefungiwa mwaka mzima, yakavuka uwanja, yakampata mama mkwe kuanzia kilemba hadi kwenye miguu isiyo na viatu.

Kumlowesha mama mkwe ni jambo ambalo mwanamume hana maneno yake. Nilizima pampu nikasimama na spana mkononi kama mwizi aliyekamatwa na ushahidi. Mama mkwe alijitazama gauni. Akapangusa jicho moja, kisha la pili.

"Mkwe wangu," akasema, "mtu wako amekufa. Na mimi umenichinja."

Ndipo nikamsikia mke wangu. Alikuwa amekaa chini kwenye tope jekundu, anacheka hadi anajishika mbavu, na katikati ya kicheko akawa anapiga ardhi kwa kiganja.

"Ndiyo maana inarudi," akasema. "Fundi, ndiyo maana inarudi moyoni. Ukiisukuma kwa nguvu ya kufika kichwani, mapafu yanapasuka. Ukiisukuma taratibu mapafu yasipasuke, kichwani haifiki. Kwa hiyo ni pampu mbili kwenye boksi moja. Ya kulia ni laini, inapeleka hapo jirani tu, mapafuni. Ya kushoto ina ukuta mnene kwa sababu inapeleka mwili mzima."

Nikatazama mashine yangu. Nikatazama kitabu kilicholowa. Aliyenakili hakuwa amekosea.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunasoma kila Jumapili, na nakiri nilinogewa. Nilimwonyesha vali ninayoifunga kwenye mabomba ya kupanda, yenye kilango kinachofunguka upande mmoja tu ili maji yasirudi chini pampu ikizimwa. Akaisukuma kwa kidole, kisha akainama akajishika misuli ya mguu. "Kumbe zimo humu," akasema. "Nikitembea misuli inaminya mshipa, damu inapanda, vilango vinaizuia isishuke. Nikisimama palepale siku nzima, hakuna wa kuminya." Miguu yake huvimba jioni tangu nimjue. Tangu hapo ikawa akipiga pasi anatembea mahali pamoja kama askari. Mama mkwe naye akaiga, akiwa na gauni jipya nililomnunulia.

Kosa langu la pili halikulowesha mtu, ndiyo maana sikuliona.

Tulikuwa tumefika kwenye utumbo mwembamba. Akasoma kwamba ndani una mikunjo, na juu ya mikunjo vijidole vidogo vidogo kwa maelfu.

"Ruka hapo," nikamwambia. "Utumbo ni bomba la kupitisha chakula. Bomba zuri ni laini ndani. Likiwa na vijidole linaziba, na mimi huitwa saa ile ile. Sema ni laini, chakula kipite bila kukwama."

"Kitabu kinasema vijidole."

"Labda ni cha mtu mgonjwa."

Angeweza kunikumbusha habari ya pampu. Hakunikumbusha. Akafunga ukurasa, nami nikajiona mwalimu.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha la chumba chenyewe, na dirisha lilikuwa wazi. Sikupanga hivyo, lakini pia sikuhama. Mkufunzi alikuwa muuguzi mzee anayesifika kwa kufelisha, sauti yake kavu kama karatasi ya msasa.

Akaanza na moyo. Ukuta wa kushoto, kwa nini ni mnene? Mke wangu akajibu bila kusita, na mwishoni akaongeza, "Na ukizibadilisha pampu, mwalimu, mtu ataloa." Mkufunzi akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Akauliza vali za miguuni. Nikasikia kiti kikisogezwa na nyayo zikipiga sakafu mahali pamoja. Nikajua anamwonyesha.

Kisha akasema, "Utumbo mwembamba. Ndani yake pameumbwaje, na kwa nini?"

Nikasikia kalamu ya mkufunzi ikigonga meza.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilivyomwambia. Kwa jinsi mkufunzi alivyotamka "ndani yake", nilielewa kwamba ndani ya utumbo kuna kitu, na kwamba mimi, wa darasa la sita, nimekitoa. Miaka kumi na tisa ya kuinama, na mume wake amemwambia utumbo ni bomba la choo. Nilitamani kukohoa, kupiga mluzi, kuangusha benchi. Lakini ningekohoa nini? Hata mimi sikujua kwa nini vijidole.

"Mama Mkubwa," mkufunzi akasema, "nakusubiri."

"Mume wangu ni fundi bomba," mke wangu akasema. "Aliniambia ni laini, kitu kisikwame."

Nikafumba macho.

"Lakini amekosea. Yeye kazi yake ni kupitisha. Utumbo haupitishi tu, unanyonya. Mimi kazi yangu ilikuwa kudeki, mwalimu. Ukimwaga maji sakafuni ukayafuta kwa kipande cha plastiki laini, unayasukuma tu yanakwenda mbele. Ukiyafuta kwa dekio, yanaingia. Kwa nini? Kwa sababu dekio lina nyuzi mia mbili, na kila uzi una pande zake za kushika maji. Eneo ni kubwa ndani ya nafasi ndogo. Utumbo una mikunjo na vijidole ili ugusane na chakula kila mahali. Na ndani ya kila kijidole kuna mishipa ya damu, kuta nyembamba, ichukue kilichonyonywa ikipeleke. Ungekuwa laini, tungekula asubuhi hadi jioni tukafa njaa."

Kalamu ikaandika kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha?" mkufunzi akauliza.

"Moyo, mume wangu. Utumbo, dekio."

"Mwambie mumeo aliyekaa chini ya dirisha langu," akasema mkufunzi, "abaki kwenye moyo."

Akatoka. Alinishika mkono, akanipeleka hadi nje ya geti, mbele ya walinzi, halafu akaanza kutembea mahali pamoja kama askari, magoti juu, anacheka. Amefaulu. Nami nikatembea naye, mtu mzima na kitambi chake, mpaka mlinzi mmoja akauliza kama tumepoteza kitu.

Sasa ana sare ya samawati na kalamu mbili mfukoni. Wodi ni ile ile. Aliyechukua dekio lake hufundishwa vijidole atake asitake.

Gharama ya kufaulu kwake ni hii. Pampu moja, ile kubwa, iliyoingia tope ikawa haiwaki tena. Mpira mita kumi na nne. Mirija ya soda mia moja na ishirini. Gauni moja jeupe na kilemba chake. Kitabu kimoja cha chuo, kurasa za moyo zimebaki na rangi ya waridi. Jumapili saba. Chakula cha jioni ninachopika mimi siku nne kwa wiki akiwa zamu. Na neno "kazi yangu hii naijua", ambalo nyumbani kwangu siruhusiwi kulitamka tena.