Kiwiko cha Shoka

Kamati yetu ya nidhamu ilikuwa na kawaida moja ambayo sikuielewa tangu siku ya kwanza: mchezaji hahojiwi. Anakaa kwenye benchi la korido na suti yake, meneja wa klabu anaingia kumsemea, sisi tunatazama picha za video na kuamua, kisha karani anatoka kumweleza adhabu. Nilipouliza kwa nini, mwenyekiti alinijibu, "Mama Filimbi, picha haidanganyi. Mchezaji atadanganya." Mwenyekiti ni wakili, na akisema jambo kwa ile sauti yake ya chini, kumbishia kunakuwa kama utovu wa adabu. Mimi ni refa mstaafu, nimezomewa na viwanja vizima, kwa hiyo sauti ya chini hainitishi. Ila nilikuwa mgeni kwenye kamati, nikaufyata ulimi.

Siku hiyo tuliletewa Shoka, beki wa kati. Jina hilo alipewa na mashabiki wa timu pinzani zamani, likamganda. Alikuwa ameruka kugombea mpira wa kona, kiwiko chake kikatua kwenye shavu la mshambuliaji, na refa hakuona. Mwenyekiti alitaka afungiwe mechi tano. Shoka alikuwa amebakiwa na mechi moja tu: Jumamosi ile anaagwa, anatundika daluga. Kabla ya kutoka, meneja wake alitueleza kwamba mama yake mzazi anakuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikataa, maana hakutaka kusikia mwanawe anavyotukanwa.

Kilichonikereketa ni kwamba majuzi tu tulikuwa tumeletewa kiwiko kingine. Cha Hariri, kiungo kipenzi cha watu, yule anayecheka hata akikosa penalti. Yeye tulimpa karipio, tukanywa chai.

"Hebu tuzitazame zote mbili," nikasema.

"Ya Hariri imeshakwisha," mwenyekiti akajibu.

"Najua. Nataka kuona tu. Kwani kuona ni kosa?"

Mjumbe wetu wa tatu, daktari wa mifupa, akaniunga mkono, labda kwa sababu viwiko ndiyo kazi yake. Fundi wa video akazicheza picha kwa mwendo wa polepole, kama tulivyozoea. Shoka alionekana katili aliyepanga kila kitu. Lakini kwa mwendo ule hata mtu anayejikuna mgongo anaonekana ana njama. Nikamwomba fundi azirudishe kwa kasi yake ya kawaida. Zikawa kitu kimoja: watu wawili wanaruka, mkono unapanda, mmoja yuko chini.

"Hariri alikuwa anajisawazisha tu hewani," mwenyekiti akasema.

"Na Shoka?"

"Shoka unamjua mwenyewe."

"Mimi nakijua kiwiko chake. Yeye simjui."

Daktari alikuwa ameikodolea macho skrini. "Hivi inawezekana mtu aruke bila kuinua mikono?" akauliza.

"Jaribu," nikamwambia.

Akavua koti, akabana mikono ubavuni, akaruka. Hakufika popote. Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Nikafinyanga karatasi ikawa mpira, nikasimama juu ya kiti, nikamwita mwenyekiti naye aje augombee. Alikataa, akasema hayo ni mambo ya kitoto, kisha akaweka miwani yake mezani na kuja. Wakaruka pamoja. Kiwiko cha mwenyekiti kikamkuta daktari usoni, na miwani ya daktari, ambaye hakuwa na busara ya kuivua, ikarukia chini ya kabati. Tulicheka mpaka karani akachungulia mlangoni.

"Ulikusudia?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Mama Filimbi! Mimi nimkusudie daktari, kanikosea nini?"

"Nimekuuliza, ukajibu, na nimekuamini. Yule wa kwenye korido hajaulizwa."

Mwenyekiti akaweka tai yake sawa. Kisha akamwambia karani amwite.

Shoka aliingia na meneja nyuma yake. Picha zinamfanya mnene. Mle ndani alikuwa mtu mzima mwembamba, mwenye goti linalomsumbua. "Shikamoo mama. Shikamooni wazee," akasema, na hakukaa mpaka alipoambiwa.

Nikamuuliza, "Ulipoinua mkono ule, ulikusudia kumpiga?"

Meneja akakohoa kikohozi kirefu cha kumkumbusha mtu jambo. Nami nilikuwa namwombea kimoyomoyo. Aseme bahati mbaya, tumalize. Daktari bado alikuwa anapapasa shavu lake. Jibu lilikuwa limeshaiva, kazi yake ilikuwa kulichuma tu.

"Nilikusudia," akasema Shoka. "Alinivuta jezi tangu kipindi cha kwanza, nikasema ngoja nimwonyeshe. Nikajuta kabla hata sijatua. Jioni nilimpigia simu, tukayamaliza." Akanigeukia. "Meneja aliniambia nikiulizwa niseme bahati mbaya. Lakini mama, sijawahi kuulizwa. Miaka yote huwa naambiwa tu."

Meneja akajishika kichwa.

Kanuni ni fupi: kosa la kukusudia halipewi karipio, adhabu inaanzia mechi moja. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeshuka kutoka tano hadi moja, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini kwa sababu nyingine. Daktari akaafiki. Nami nikainua mkono, nikijiona mchawi. Nilitaka ukweli kwa hamu yangu ya kujua, nikaupata, na aliyeugharamia ni yeye. Moja ndiyo aliyokuwa nayo. Alisema asante, akatoka akichechemea.

Jumamosi nilikwenda uwanjani, nikakwepa jukwaa la wageni rasmi. Nikamwona Shoka amekaa na shati jeupe, pembeni yake bibi mmoja aliyekumbatia mkoba. Nilitaka kupita kimya kimya, akaniita.

"Mama, huyu ndiye niliyekwambia," akamwambia yule bibi.

Yule mama akausogeza mkoba kunipa nafasi. "Kumbe ndiye wewe."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Naye, kumbe, alikuwa mdadisi kuliko mimi. Kwa nini yule wa golini kavaa rangi tofauti? Kwa nini wanazomea na hakuna aliyeanguka? Nilijibu yote, nikafurahi, nikakaribia kusahau nilichomfanyia.

Kisha ikapigwa kona. Hariri, aliyechezea upande wa pili, akaruka, mkono ukapanda, beki akalala chini ameshika pua. Refa akapeta, mchezo uendelee. Uwanja mzima ukaimba jina la Hariri.

"Huyo naye alishafika kwenu?" mama akauliza.

"Alifika."

"Kwa mambo hayo hayo ya mkono?"

"Hayo hayo."

"Na mlimuuliza kama mlivyomuuliza wangu?"

"Mama, tazama mpira," Shoka akasema.

"Natazama. Namuuliza mwenzangu."

Shoka akainamisha uso. Nikatafuta namna ya kuipamba habari, nikakosa.

"Hapana, mama," nikasema. "Yeye hatukumuuliza."

Akauchukua mkono wa mwanawe, ule ule wa kiwiko kile, akauweka juu ya mkoba mapajani mwake.

"Basi muulizeni," akasema, akarudisha macho uwanjani.