Rangi ya Kucha Kwenye Bodi

Wiki tatu nzima Wanyoike na Micah waligombana juu ya kompyuta ambayo hata haikuwepo. Usicheke. Ilikuwa Novemba 2007, mji wa Nakuru umebandikwa mabango ya wanasiasa mpaka kwenye milango ya vyoo, watu wanatoana jasho juu ya nani atakuwa rais, na hawa wawili wako kwao wanabishana juu ya prosesa. Ningekuwa na uwezo, ningewaacha wabishane hivyo hadi leo.

Walikuwa marafiki tangu chuo cha ufundi. Wanyoike alikuwa mhudumu wa saiba, duka la intaneti, akiishi Bondeni na mamake na kakake Mwaura. Micah alitengeneza redio na simu kwenye kibanda mbele ya nyumba ya kukodisha ya mamake, ng'ambo ya reli. Wakati wa Pasaka kungekuwa na mashindano ya gemu Nairobi, kila timu ije na mashine yake. Walitaka mashine ya kutisha watu. Waunde wao wenyewe, kwa mikono yao, kuanzia bodi.

"Mimi nataka Quad," Wanyoike alisema, viwiko juu ya kaunta ya Mzee Kirit, aliyekuwa akiuza vifaa vya kompyuta tangu enzi za zile skrini za maandishi ya kijani. "Core nne, buda. Nne!"

"Nne za nini?" Micah akamrukia. "Gemu gani inatumia nne? Mbili zitafanya kazi, mbili zitakaa zikiota jua. Pesa tutie kwa motherboard. Prosesa ni mpangaji, leo yuko, kesho amehama. Bodi ndiyo nyumba."

"Na nyumba bila mtu ni nini? Si ni gofu tu?"

Mzee Kirit akavua miwani. "Nyinyi mnataka kununua ama mnataka kuoana?"

Lakini aliwapenda, maana wateja wake wengine walikuja kutafuta wino wa printa na kulia bei. Akawatolea bodi mbili. Ile ya bei nafuu, alisema, ingeikubali Quad, ndiyo, lakini ingechemka, na mkiilazimisha mtachoma zote mbili mje kunilaumu mimi. Ile nyingine ilikuwa nzito, ina mabomba ya shaba ya kupoza joto, na hata prosesa za mwaka ujao ingezikubali, mradi programu yake ibadilishwe. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki yake, na hilo liliwaudhi wote wawili. Mwishowe wakakata shauri: Micah anunue bodi yake nzito, Wanyoike anunue Quad yake, na vilivyobaki, kasha, kadi ya picha na sapulai ya umeme, wanunue pamoja Januari.

Wakavipeleka kwa mamake Micah. Mama Cheptoo alikuwa kwenye cherehani yake ya mkono akishona sare za shule, vitambaa vya kijani vimejaa hadi kitandani. Micah akaazima rangi ya kucha ya dadake, Cheptoo, nyekundu ya kupiga kelele. Mafundi wote wa Nakuru walikuwa na alama zao, maana ukipeleka kitu chako kikaangaliwe, mara nyingi unarudishiwa kingine. Akaweka nukta moja kando ya tundu la skrubu kwenye bodi, na nyingine kwenye ukingo wa prosesa.

"Weka na hii yangu," mamake akasema. "Yule fundi wa ile siku alinirudishia bobini ya mtu mwingine, ati mimi sitajua! Mimi!"

Micah akailaza cherehani ubavu, akatia nukta chini yake, mahali pasipoonekana. Cheptoo akalalamika kwamba rangi yake inaishia kwenye vyuma. Wanyoike alicheka hadi chai ikamtoka puani, na Mama Cheptoo akamwongezea nyingine bila kumuuliza.

"Sasa nani anakaa nazo?" Wanyoike akauliza.

"Kila mtu na yake. Nikikuachia zote utaanza bila mimi."

"Na wewe je? Si ndiyo wewe ungeanza leo leo!"

Basi bodi ikabaki ng'ambo ya reli, na prosesa ikaenda Bondeni.

Kilichofuata baada ya uchaguzi kila mtu anakijua, na anayejifanya hakijui ni mwongo. Wiki ya kwanza ya Januari, tata Wawira, dadake mamake Wanyoike, alifika kutoka Mau Narok na sufuria moja isiyo na kifuniko. Nyumba ilikuwa imechomwa, ghala la viazi limechomwa, na waliochoma aliwajua kwa majina, kwa sababu alikuwa ameuziana nao mbegu miaka kumi na tano. Wakampa kitanda cha Wanyoike. Mwaura alikaa kwenye kiti akimtazama tata yake siku nzima. Wanyoike aliyaona hayo macho na hakuyapenda, ila akaenda zake kazini.

Mwisho wa mwezi moto ukaingia mjini. Walioumizwa kule wakaenda kuwaumiza watu wa hapa ambao hawakuwa wamechoma hata majani makavu. Watu wakawa wanaulizwa barabarani jina la pili, lile la kabila. Ijumaa asubuhi Micah akatuma meseji: "Tunatoka. Tuko wazima. Chunga prosesa." Wanyoike akajibu: "Chunga bodi." Na hapo ndipo alipokosea, na alilijua kosa lake hata kabla simu haijazima taa. Kutoka Bondeni mpaka ng'ambo ya reli ni mwendo wa dakika ishirini. Rafiki angekwenda. Yeye alikaa ndani akasikiliza makelele, na Mwaura akavaa viatu akatoka.

Mwaura alirudi siku ya tatu, mchana, amebeba gunia. Akaingiza mkono akatoa bodi, akaiweka mezani karibu na sufuria ya tata.

"Si hii ndiyo ulikuwa unalilia?"

Wanyoike akaigeuza. Kando ya tundu la skrubu, nukta nyekundu.

"Umeitoa wapi?"

"Imeokotwa."

"Mwaura, umeitoa kwa nani?"

"Na tata alichomewa na nani?" Mwaura alikuwa ananuka moshi. "Niambie, wewe msomi. Alichomewa na nani?"

Tata Wawira alikuwa pale pale, anamenya viazi vya msaada. Wanyoike akaichukua bodi akaiweka chini ya godoro alilolalia sakafuni, pamoja na prosesa. Hatimaye zilikuwa mahali pamoja. Alilala juu yake miezi miwili na hakupata usingizi wa maana hata siku moja.

Mwezi wa pili kukatokea cherehani pembeni mwa nyumba, imefunikwa leso. Mwaura alisema kanisa linawagawia waliopoteza mali. Wanyoike alikuwa amesikia kanisa linagawa blanketi na unga. Cherehani hakuwa amesikia. Lakini tata Wawira alikuwa ameanza kutabasamu, majirani wanaleta suruali za kukata na mashati ya kubadilisha kola, na pesa za unga zilikuwa zinapatikana. Basi hakuifunua. Alipita kando yake asubuhi na jioni akiwa amegeuza uso, hivyo tu, mtu mzima na akili zake.

Aprili, wakubwa wakiwa wameshapeana mikono na kugawana viti, Micah akapiga simu. Walikuwa kwa mjomba, Eldama Ravine. Anakuja mjini, wakutane kwa Mzee Kirit. "Njoo na prosesa," akasema. "Bodi ndiyo hivyo, ilienda."

Wanyoike alikwenda na zote mbili.

Micah alikuwa amekonda, shati la mtu mwingine. Wanyoike akaweka bodi kwenye kaunta kabla hata hawajasalimiana vizuri, maana angechelewa angerudi nayo nyumbani. Micah akaitazama. Akaigusa ile nukta kwa kidole gumba.

"Niliikomboa," Wanyoike akasema. Ndivyo ulivyotoka, uongo wa kwanza, laini kabisa.

Mzee Kirit, ambaye dirisha lake bado lilikuwa mbao tupu, akaivuta bodi kwake. Akafungua soketi, akalaza Quad mahali pake, akatia RAM na kadi ya picha ya dukani, akaunganisha sapulai yake mwenyewe. Feni ikazunguka. Mlio mmoja mfupi. Kwenye skrini maandishi meupe yakahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Haya," Mzee Kirit akasema polepole. "Mlichagua vizuri."

Walikuwa wamechagua vizuri, na hilo lilimuuma Wanyoike kuliko kama ingelipuka. Pasaka yenyewe ilikuwa imeshapita.

"Bodi ilikuja peke yake?" Micah akauliza, macho kwenye skrini.

"Ati?"

"Nyumba ilikuwa na vitu. Huyo uliyeikomboa kwake, hakuwa na cherehani? Mama anashona kwa mkono, vidole vimemvimba. Vitu vingine amesamehe. Hiyo ameshindwa."

Palikuwa na nafasi pale ya kusema. Palikuwa na nafasi kubwa tu.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa bodi peke yake."

Micah akaitikia kwa kichwa. Kisha akazima mashine. "Mzee Kirit, nunua hii bodi. Nataka kumnunulia mathe cherehani."

"Nunua na prosesa," Wanyoike akadakia. "Mpe yeye pesa zote."

"Wee, Wanyoike! Hiyo ni yako."

"Chukua, bwana. Chukua tu."

Mlangoni Micah alimshika mkono kwa mikono miwili, macho yamemlowa. "Nyumbani walinikataza kuja. Nilimwambia mama, Wanyoike si kama wao. Mama akasema hata yeye anajua." Akaenda zake, pesa zimefungwa kwenye leso mfukoni.

Wanyoike alitembea hadi Bondeni akijiambia kwamba amelipa. Prosesa nzima ametoa. Mtu akitoa kitu chake cha maana hivyo, si amelipa?

Tata Wawira alimsikia mlangoni. "Njoo, baba, wewe unazijua mashine. Hii inakwama tangu asubuhi. Nafikiri haijawahi kutiwa mafuta."

Hakukuwa na namna nyingine ya kuitia mafuta ila kuilaza ubavu. Akaondoa leso. Akaishika kichwa na kitako, akailaza taratibu juu ya meza. Nukta ilikuwa pale pale Micah alipoiweka, nyekundu ya kupiga kelele, haijachubuka hata kidogo.

"Kuna shida?" tata akauliza.

"Hapana, tata. Ni mafuta tu."

"Na hiyo rangi?"

"Alama ya fundi."

Akatia mafuta kila tundu, akafuta yaliyochuruzika, akaisimamisha. Tata Wawira akazungusha mkono wa cherehani, kitambaa kikapita bila kukwama, akacheka kwa furaha.

"Mungu awabariki hao wa kanisa," akasema.

"Amina," akasema Wanyoike.