Zamu za Mfongo

Mwaka 2003, nikiwa na miaka arobaini na nane, nilikuwa nateremka Moshi mjini kila jioni kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mwalimu Davis, aliyelingana umri na mwanangu wa pili, alitufundisha orodha unganishi: kila nodi, yaani kila kiungo cha orodha, hubeba jina lake na kuijua inayoifuata tu. Hakuna nodi inayoijua orodha nzima.

Nilielewa haraka kuliko vijana, kwa sababu ndivyo tunavyogawana maji ya mfongo, mfereji wetu utokao mlimani. Ukimaliza kumwagilia, unakwenda kumwita jirani anayekufuata. Kufungulia maji bila kuitwa ni wizi.

Basi nikaandika programu ya zamu za kaya zetu kumi na nne. Efraimu, mwenyekiti wa mfongo, akaniagiza nimwondoe Remigius, aliyehamia Himo, kisha nichapishe karatasi ya kufuatwa na wote. Nilisali kabla ya kugusa kompyuta. Nikamwondoa Remigius, nikachapisha, sikuhesabu majina. Mkutanoni nikaiombea karatasi baraka, wakaitikia amina. Wanawake hawaingii mkutano wa mfongo.

Wiki tatu baadaye nilipita kwa dada yangu Theodora, mjane, ambaye zamu yake ilifuata ya Remigius. Maharagwe yake yalikuwa yamekauka yakiwa na maua. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza mbona hakumwagilia.

“Hakuna aliyekuja kuniita,” alisema.

Kesho yake nilifungua programu darasani. Primus ndiye aliyekuwa anamtangulia Remigius. Nilikuwa nimemkata Primus kutoka kwa Remigius kabla ya kumuunganisha na Theodora, na kwa kuwa Remigius pekee ndiye aliyemjua Theodora, orodha ikaishia kwa Primus. Dada na wajane wawili waliomfuata walipotea wote. Mwalimu Davis alitazama mara moja tu.

“Mzee, unganisha kwanza, ndipo ukate.”

Kusahihisha kulichukua dakika kumi. Nikampelekea Efraimu karatasi mpya. Alikuwa shambani kwake, katikati ya nyanya zilizonawiri, kwa kuwa zamu zilipopungua maji yalimrudia mapema. Alizisoma karatasi zote mbili, ya kwanza na mpya, taratibu, akanirudishia mpya.

“Hii ya kwanza uliiombea mwenyewe, mbele yetu,” alisema. “Tukiibadilisha, Mungu tutamwambia nini?”

Waliokuwa karibu wakacheka. Nikaikunja karatasi mpya. Mimi pia nilikuwa kwenye karatasi ile, na migomba yangu ilikuwa imeshiba.

Siku ya zamu yangu nikaenda kumwita dada, nikayageuza maji kuelekea kwake. Alikuwa ameshang'oa maharagwe akampa ng'ombe. Maji yakapita kwenye matuta matupu, naye akayatazama akiwa amesimama mlangoni.

“Yafunge, Eliufoo,” alisema. “Wasije wakakutoa na wewe.”

Nikachukua udongo na magome ya mgomba, nikayafunga.