Muuguzi Yuko Kwenye Mahojiano

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, asubuhi. Nilimfikisha mke wangu zahanati akihema kwa shida, nikakuta mlango wa muuguzi umefungwa. Na muuguzi tunaye huyo huyo mmoja. Mlangoni kasimama binti mwenye kitambulisho shingoni.

"Subiri kidogo, baba. Yuko kwenye mahojiano."

"Mahojiano gani? Mke wangu hapati pumzi!"

"Sisi ni taasisi huru ya utafiti wa sera. Tunachunguza uhaba wa wauguzi."

"Si mmeshauona? Mfungulieni atoke!"

"Tukimkatiza, majibu yataharibika, baba."

Mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Kumbe uhaba wenyewe wamekuja nao!" Watu wakacheka. Hata mke wangu alicheka, akaniegemea begani. Mlango ulipofunguliwa, alikuwa ameshanyamaza, hapumui tena.

Mwezi uliopita wakanialika kwenye uzinduzi wa ripoti yao, katika ukumbi wenye kiyoyozi. Mkurugenzi wa taasisi akasoma kwamba wagonjwa wanafia kwenye foleni. Akapigiwa makofi, tena marefu. Nikanyoosha mkono, nikawasimulia ya siku ile.

"Pole sana, mzee wangu," akasema mkurugenzi. "Lakini sisi tunashauri tu. Zahanati ni ya serikali."

Mkubwa kutoka wizarani naye akavuta kipaza sauti. "Nasi tulikuwa tunasubiri ushauri wao."

Huru kweli kweli, hata lawama haiwagusi. Nikawauliza wote wawili: ule mlango, nani aliamuru ufungwe?